MJADALA: Muuza maandazi alazimishwe kuandika kama ametia maziwa, mayai au samli?

Jamvi la Tanga (mleta mada)

Habari za muda huu, wakuu.

Wapo watu mijini kwetu wasiokula kitu chochote kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, mayai, maziwa, samli, hata asali. Siku hizi wanaitwa vigani. Waongeze Waorthodoksi wakati wa mfungo, Marasta wanaofuata ital (mwongozo wao wa chakula cha asili), na wenye mzio wa mayai au maziwa. Wote hawa wakisimama mbele ya kabati la vitafunwa wana swali moja: hili andazi limekandwa kwa kitu gani?

Pwani tuna bahati. Mahamri ya asili hukandwa kwa tui. Vitumbua ni mchele uliolowekwa na kusagwa, tui, hamira, sukari na iliki. Kalimati ni unga, maji na hamira, kisha shira. Bagia za kunde, kachori, viazi karai, mihogo ya kukaanga, vyote havina mnyama. Shida ni kwamba hivyo hivyo vinabadilishwa kimyakimya. Huyu anaongeza maziwa ya unga, yule yai moja, mwingine mtindi kwenye kalimati, na kwa macho huoni tofauti. Tena andazi la bei ya chini kabisa, la unga, maji, sukari, hamira na mafuta ya mawese, mara nyingi ndilo salama kuliko donati ya duka la keki.

Hoja yangu: halmashauri zitunge sheria ndogo. Kila anayeuza chakula, kuanzia hoteli hadi meza ya barazani, aweke kibao kinachosema kipi kina maziwa, mayai, samli, nyama au samaki. Boksi na kalamu ya wino vinatosha. Mnasemaje?

Fundi Mahamri, Mombasa

Nakupinga, ndugu yangu, na nitaanzia kwenye beseni la unga.

Kilo moja ya unga wa ngano inataka sukari gramu 180 hadi 200, hamira ya chenga vijiko vinne vya chai, iliki iliyotwangwa vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, na tui zito vuguvugu kama nusu lita, litiwe kidogo kidogo. Nazi mbili kubwa zikikunwa na kukamuliwa vizuri zinafikisha kiasi hicho. Tui likiwa la kuchoma kidole, hamira inakufa na hakuna cha kuiokoa. Ukizidisha sukari, hamira inalegea na unga unachukua saa mbili badala ya saa moja. Kanda dakika 10 hadi 12, acha uumuke, sukuma unene wa kama nusu sentimita, kata pembe tatu, yapumzishe dakika 20. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 180. Asiye na kipimo adondoshe kipande cha unga: kikizama kisha kikaibuka papo hapo, mafuta yako tayari. Hamri likiingia, limiminie mafuta ya moto juu kwa upawa. Uso unakaza haraka, mvuke unanaswa ndani, linafura. Lisipofura, ama ulisukuma jembamba mno, ama mafuta yamepoa, ama lilikauka uso likisubiri kukaangwa.

Umeona hapo maziwa au yai? Hakuna. Lakini nazi ikiadimika au ikipanda bei, fundi yuleyule anakandia maji na maziwa ya unga. Jumatatu tui, Jumatano maziwa. Nani atakayekumbuka kubadilisha boksi lako saa kumi alfajiri, meko yote mawili yakiwaka? Kibao kitabaki kinasema "tui", na mlaji ambaye angeuliza hatauliza tena, kwa sababu ameshasoma.

Bora aulize, ila aulize vizuri. "Yana maziwa?" ni swali baya. Anayetaka kuuza atajibu hapana, na anayejivunia maziwa yake atajibu ndiyo hata kama ametia kijiko kimoja. Uliza: "Leo umekandia nini?" Hapo lazima akutajie kitu. Kisha: "Na yai je?" Basi.

Mama Lishe wa Ilala

Fundi amesema vizuri kuhusu vitafunwa. Nendeni sasa kwenye sufuria, huko ndiko kuuliza kunakoshindwa.

Neno "nyama" mtaani maana yake ni ng'ombe au mbuzi. Mteja akisema hali nyama, atapewa kuku kwa nia njema kabisa, au mchicha wenye dagaa. Kwa hiyo asiseme "sili nyama". Ataje kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa, samli. Ni kirefu lakini hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna vinavyojificha. Pilau hupikwa kwa supu ya nyama hata kama kwenye sahani yako hakuna mnofu. Maharage yanaungwa kwa nazi au mafuta, lakini yakibaki machache huongezewa mchuzi uliopo jirani. Kisamvu cha karanga na nazi ni salama mpaka utiwe unga wa dagaa. Vidonge na unga wa mchuzi, pakiti nyingi zimeandikwa ladha ya ng'ombe au kuku, na mpishi anaziita "viungo" tu. Wali wa nazi, ugali, maharage ya nazi, bamia, mchicha wa nyanya na kitunguu: mlo kamili upo, na ndio wa bei nafuu mezani.

Kuhusu sheria nasema hapana kwa nguvu zote. Sheria ndogo ya halmashauri ikifika kwenye meza ya mama lishe inakuwa faini. Mgambo hatauliza kama kibao ni cha kweli, atauliza kama kipo. Mwenye hoteli atachapisha, mwenye sufuria tatu atalipa.

Jamvi la Tanga

Mama, hofu ya faini naielewa na ni ya haki. Lakini mnasema jina la chakula na mdomo wa muuzaji vinatosha, wakati majina yenyewe yanapotosha. "Chapati za maji" jina linataja maji, na wengi wanazipiga kwa yai. "Mkate wa kumimina" jina halisemi kitu, na ndani mna ute wa mayai. "Maandazi ya nazi" yanaweza kuwa na nazi pamoja na maziwa. Visheti vingine vimekandwa kwa samli. Mgeni wa mji atajuaje?

Jiko Kuu, Dar

Naunga mkono hoja, ila si kwa meza ya barazani. Naiunga kwa majiko yenye stoo, yaani hoteli, maduka ya keki, migahawa ya vyuo na ya maofisini.

Sababu ni hii. Muuza mahamri ametia vitu saba na anavijua vyote. Duka la donati linanunua mchanganyiko tayari wa mfuko wa kilo 10 au 25, na ndani ya mfuko mna maziwa ya unga, wei (maji ya maziwa yaliyokaushwa), pengine mayai ya unga. Kijana wa kaunta ukimuuliza "umekandia nini" atakwambia maji, na hasemi uongo, yeye amemimina maji. Kuuliza kunafaa pale tu anayeulizwa ndiye mkandaji. Hapa lazima mfuko usomwe. Maneno ya kutafuta ni maziwa, wei, kaseini (protini ya maziwa), laktosi (sukari ya maziwa), yai, albumini (protini ya ute wa yai). Namba za E ni za viongezwa: E322 (lesithini) kwa kawaida ni ya soya. E471 inaweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama, na mfuko hausemi, kwa hiyo atakaye uhakika amwandikie msambazaji. E920 huongezwa kulainisha unga, na huweza kutengenezwa kwa manyoya ya ndege. Margarini nayo isomwe kopo kwa kopo, maana zingine zina maziwa.

Msitegemee alama ya kijani kwenye pakiti kutoka India. Kijani pale maana yake hakuna nyama wala yai. Maziwa na samli vinapita.

Ulaya, tangu Desemba 2014, kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inamtaka hata anayeuza chakula kisichofungashwa aeleze vitu 14 vya mzio, maziwa na mayai vikiwamo. Namna ya kueleza kila nchi inajipangia, na zipo zinazokubali kwa mdomo mradi maandishi yawepo jikoni. Hicho ndicho ningependa kwetu, daftari la jikoni, ukurasa mmoja kwa kila chakula, na pakiti ikibadilika ukurasa unabadilika. Kwetu taratibu za lebo zinashika chakula kilichofungashwa. TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ilichukua usimamizi wa chakula kutoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019, kwa hiyo mlango wa kugonga unajulikana. Tusiwatupie madiwani kazi ya wataalamu wa viwango.

Ngara hadi Parklands

Huku Nairobi swali la "wapi nikale" lina majibu mawili makubwa, na yote yana mitego.

La kwanza ni hoteli za Kihindi za mboga tupu, kama zilivyo pia Upanga na Kisutu kule Dar. Nyama hakuna, samaki hakuna, mayai kwa kawaida hakuna. Samli na maziwa vipo kila mahali: roti hupakwa samli ikitoka motoni, naan hukandwa kwa mtindi, dokla (keki za dengu za mvuke) nyingi zina mtindi, na dengu humaliziwa kwa samli. Agiza roti kavu, dengu iungwe kwa mafuta, na sambusa za mboga, maana manda yake ni unga, maji na chumvi. Useme kabla ya kuagiza. Samli ikishamiminwa haitoki.

La pili ni hoteli za Kihabeshi. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima yao ni siku 55. Mfungo huo hauna nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo uliza sinia la "tsom", yaani la mfungo: injera (chapati pana iliyochachushwa), shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), dengu nyekundu, sukuma, kabichi na viazi. Siku za kawaida shiro hiyohiyo huweza kuungwa kwa siagi yenye viungo, hivyo sema tsom hata kama ni Jumanne. Samaki kwa baadhi yao anaruhusiwa wakati wa mfungo, kwa hiyo mtaje.

Vibandani githeri na ndengu huwa salama. Managu (mnavu) na mrenda hapana, uliza kwanza, kwa sababu wengi hupikia maziwa.

Kuhusu kibao, tazameni Wahabeshi: neno moja, kila jiko linalielewa, na hakuna halmashauri iliyotunga sheria. Sisi tunakosa neno hilo. Tukilipata, nusu ya mjadala huu imekwisha.

Mzio si Itikadi

Samahani, mnachanganya mambo mawili. Asiyekula yai kwa imani au kwa hiari akikosea ataumia moyo. Mwenye mzio mkali wa yai anaweza kufungika pumzi ndani ya dakika chache. Daftari la Jiko Kuu linamfaa wa kwanza. Wa pili anahitaji kujua pia kuhusu kijiko, kisu, na karai lililokaangia chapati za mayai. Kwa hiyo muuzaji asithubutu kuandika "salama kwa wenye mzio" kwa sababu tu hakutia yai. Aandike alichotia, na anyamaze hapo.

Fundi Mahamri, Mombasa

Dada wa mzio amesema kweli, na Jiko Kuu amenigeuza kidogo. Pale anayeuza siye aliyekanda, daftari liwepo. Kwa anayekanda mwenyewe bado nasema hapana.

Ila nina swali la kitaalamu. Mahamri ya tui yakilala yanakauka. Maziwa na margarini vinatiwa ili yauzike mpaka jioni. Mkitaka watu warudi kwenye tui, wapeni njia ya kuyaweka laini.

Jiko Kuu, Dar

Njia ipo, ni viazi mviringo. Kwa kilo ya unga, chemsha viazi gramu 200, viponde mpaka visiwe na donge, viache vipoe, changanya na unga kabla ya tui, kisha punguza tui hadi kama mililita 430, kwa sababu viazi vinakuja na maji yao. Wanga wa kiazi unashika unyevu, na andazi linabaki laini hadi kesho yake. Donge likibaki litapasua ngozi na mafuta yataingia ndani. Kwa donati, pale yai lilipokuwa likishika unga, tia vijiko viwili vya chakula vya unga wa dengu, ambao pia unaleta rangi. Juu paka sukari ya unga gramu 250 iliyokorogwa kwa vijiko vitatu au vinne vya tui, chovya donati zikiwa vuguvugu. Zikiwa za moto sukari inayeyuka na kutiririka.

Jamvi la Tanga

Basi narekebisha hoja: sheria iwe kwa majiko yanayonunua mchanganyiko tayari, na iwe daftari. Meza ya barazani iachwe. Lakini mama, suala la karai halijajibiwa. Mafuta yaliyokaangia samaki?

Mama Lishe wa Ilala

Hilo linatatuliwa kwa mpangilio wa kukaanga, halihitaji sheria. Mafuta mapya alfajiri: mahamri kwanza, maana yanachukua harufu upesi. Kisha viazi na mihogo. Kisha bagia, zinaacha chenga zinazoungua, kwa hiyo chuja. Mayai na samaki mwisho, na mafuta hayo hayarudi kwenye vitafunwa. Wengi wanafuata hivyo tayari, kwa sababu hamri lenye harufu ya samaki halinunuliwi na mtu yeyote. Asiyekula mnyama afike kabla ya saa mbili asubuhi na aulize jambo moja: "Karai hili leo limeshaingia samaki?"