Ukoo wa Babu (Mbagala, Sinza, Lindi)

Shangazi Zuhura, 19:12
Asalaam aleikum. Babu shikamoo, na wakubwa wote shikamooni. Leo nimewapeleka watoto wanne Makumbusho ya Taifa, yale ya mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Tumeingia saa nne, tumetoka saa tisa, tena kwa kuwavuta mikono.

Baba Nassoro, 19:15
Waaleikum salaam. Ahsante sana dada. Nassoro kafika hata viatu hajavua, anasimulia fuvu tu.

Shangazi Zuhura, 19:19
Ni Zinjanthropus huyo, yule zamadamu wa kale. Alimkazia macho muda mrefu. Nikamwambia alipatikana Oldupai, Mary Leakey ndiye aliyemwona Julai 1959, na ana miaka kama milioni 1.75. Magego yake mapana mno! Nassoro akauliza kwa nini, nikamwambia hayo ni ya kutafuna vyakula vigumu, majani na mizizi. Hapo nilijibu vizuri. Aliyenikamata ni Mwanahawa: "Shangazi, na mjusi wa Lindi, yule dinosaria, yuko chumba gani?"

Rehema, 19:21
Shikamooni. Si yuko Berlin, shangazi?

Shangazi Zuhura, 19:22
Marahaba mwanangu. Ndivyo nilivyomjibu. Akaniuliza, "Nani alimpeleka?" Nikakosa la kusema, maana nilikumbuka Babu.

Babu, 19:31
🎤 Ujumbe wa sauti (4:06)

Hassani, 19:33
Shikamoo Babu. Jamani bando langu limekata, sauti haifunguki. Ma'mdogo Somoe, tuandikie.

Ma'mdogo Somoe, 19:48
Niko naye hapa barazani. Naandika kama anavyotamka:

"Marahaba wanangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana Wajerumani walipochimba mifupa ya yule mjusi kilima cha Tendaguru, kule Lindi. Yeye alikuwa mpagazi. Wanatoka kilimani alfajiri, siku ya nne ndiyo wanaingia Lindi bandarini. Mfupa mdogo mtu anaweka kata kichwani anajitwika. Mkubwa unafungwa kwenye mti, wanaubeba mabegani kwa kupokezana. Alisema ulikuwa mzito kuliko gogo la mpingo. Majimaji ilikuwa imepita miaka michache tu, njaa imemaliza watu, na kazi yenye ujira ilikuwa hiyo. Mifupa ikapakiwa melini. Mpaka anakufa hakuiona imesimamishwa. Alikuwa anatuuliza sisi wajukuu zake: hivi yule mnyama alikuwaje?"

Hapo Babu kanyamaza kidogo, mtaisikia.

Hassani, 19:50
Miaka yote hii sijawahi kuisikia habari hii.

Baba Nassoro, 19:51
Hata mimi. Najua alitoka Tendaguru basi.

Rehema, 19:56
Babu, ule uzito una sababu. Mwalimu wetu alitufundisha. Mnyama akifa akafunikwa na tope upesi, maji ya ardhini yanapenya kwenye mfupa na madini yake, polepole unageuka jiwe. Yule mjusi ana miaka kama milioni 150. Babu yako alikuwa anabeba mawe.

Ma'mdogo Somoe, 19:58
Nimemsomea. Anasema, "Basi mzee hakutia chumvi." Kafurahi sana, Rehema.

Mjomba Issa (Lindi), 20:04
Ongezeni hili, na watoto walijue. Uchimbaji ule ulikuwa 1909 mpaka 1913, na wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hasa wa kuitoa mifupa bila kuivunja. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Wengine wote waliojitwika hatujui hata majina. Ndiyo maana nasema Babu arekodiwe, na si kwa simu iliyowekwa mezani kwenye kelele za bodaboda.

Baba Nassoro, 20:07
Mimi ningetaka mifupa irudi, nasema wazi.

Mjomba Issa (Lindi), 20:10
Naelewa, na moyo wangu uko hukohuko. Ila Babu ana miaka themanini na ushei. Mifupa ni jiwe, itatusubiri.

Rehema, 20:13
📷 Picha
Babu, huyu ndiye, pale makumbusho ya Berlin. Urefu wa kwenda juu ni mita 13.27, kama ghorofa nne. Wamemsimamisha tangu 1937. Miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, kama twiga.

Ma'mdogo Somoe, 20:21
Ameishika simu muda mrefu. Kavaa miwani, kaivua, kaivaa tena. Ananionesha mfupa wa paja la mbele anasema, "Huu ndio wa watu wengi, huu." Jamani.

Shangazi Zuhura, 20:24
Babu, Jumamosi ijayo twende wote. Mjusi hayupo pale, lakini Mwanahawa aliuliza nani alimpeleka, na wewe ndiye wa kumjibu. Tutakaa bustanini, kivuli kipo, watoto wote wakuzunguke. Mimi nitarekodi. Nakuja na gari mpaka mlangoni, goti lisikutie wasiwasi.

Hassani, 20:25
Mafuta niachieni mimi.

Rehema, 20:26
Mimi nitaandika maswali na kuichapisha hiyo picha kubwa.

Ma'mdogo Somoe, 20:33
Babu anasema saa mbili asubuhi atakuwa ameshavaa. Na kanzu nyeupe ifuliwe kuanzia kesho.