Kumleta mama Uingereza: mwenye uzoefu naomba msaada

Binti Tanga:
Wanajamvi, salaam. Naishi Leicester, uraia wa hapa ninao. Mama yangu ana miaka 79, yuko Tanga, Ngamiani, na dada wa kazi tu. Kaka yangu tuliyekuwa naye wawili alifariki mwaka juzi. Mwezi wa tatu mama aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Tangu hapo kuoga mpaka ashikwe, nguo mpaka avishwe. Nikimpigia simu ya video mkono unamtetemeka, naishia kuliona pangaboi huku namsikia, "Sijambo, mwanangu, usihangaike." Huyu dada wa kazi ni wa tatu. Wa pili aliondoka usiku, mama akalala peke yake mpaka jirani alipobisha hodi asubuhi. Nataka nimlete. Nianzie wapi?

Kijana wa Reading:
Dada, mwombee viza ya matembezi ya miezi sita. Akishafika utaombea hukuhuku.

Mama Nasra:
Mdogo wangu, hilo usithubutu. Viza ya matembezi haigeuzwi kuwa ya kukaa, na kuiomba ukiwa na nia abaki ni udanganyifu. Yako ni ile ya mzazi tegemezi, na inaombwa yeye akiwa nje ya Uingereza.

Nilimwombea baba, alikuwa Mombasa. Tangu 2012 masharti yamekaza sana. Wanataka waone kwamba kuoga, kuvaa na kupika hawezi bila msaada, na kwamba msaada huo haupatikani kwao hata kwa pesa yako. Hapo pa pili ndipo tunapokwama wengi. Nilijaza taarifa za benki nikidhani ndizo zitanibeba. Jibu likaja kwamba kama pesa ninazo, nimwajirie mtu hukohuko. Nililia siku mbili.

Tukakata rufaa, muda ni siku 28 kwa aliye nje. Kilichotuokoa ni vitu nilivyovidharau mwanzo: meseji za M-Pesa za mishahara ya wasichana wanne waliotukimbia, tarehe zao za kuja na kuondoka, na barua ya daktari. Ya kwanza ilisema "ni mzee, anaumwa", basi. Ya pili ilitaja jambo mojamoja, hadi kwamba baba hakubali kuvuliwa kanzu na mtu asiyemjua. Alipewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja, nami nikasaini kumtunza miaka 5 bila msaada wa serikali.

Kijana wa Reading:
Samahani dada, nilisema kwa kusikia.

Binti Tanga:
Dada Mama Nasra, Mungu akulipe. Meseji zote ninazo, na yule jirani nitamwomba aandike alichokikuta asubuhi ile. Baba alizoea huku?

Mama Nasra:
Sasa amezoea. Miezi ya mwanzo alikuwa anafungua mlango alfajiri, kwenye baridi, anamsubiri muuza mahamri. Mimi sikumuuliza kama anataka kuja. Wewe muulize mama.

Binti Tanga:
Nitampigia leo, akishaswali isha.