Tupeane uzoefu: feni ya hita na AC kwenye gari kongwe, yako ilikuwa na nini na uliitengeneza vipi?

Mkaazi wa Makunduchi

Asalaam aleikum jamani. Nataka tukusanye visa vyetu kuhusu feni ya ndani ya gari, hii inayopuliza hita na AC, maana nahisi wengi tunaliwa pesa kwa kitu kidogo. Naanza mie.

Gari yangu ya 1997. Masika ya mwaka jana feni ikaanza kugoma spidi namba 1, nikasema si neno ntatumia 2, haikupita muda 2 nayo ikafa, ikafuata 3, ikabaki 4 peke yake ambayo kelele zake aliyekaa nyuma hasikii unasema nini. Wakati wa jua unavumilia, unafungua vioo basi. Mvua ndo ilonifunza. Nlikuwa namrejesha mama shamba kutoka hospitali, tumefika kwenye miti ya Jozani mvua imekaza, vioo tumevifunga, pumzi zetu zote zimeganda kwenye kioo cha mbele sioni hata boneti. Nikiweka 4 mama anatetemeka na upepo na mtu mwenyewe mgonjwa, nikizima sioni njia. Mama akashusha kanga yake ya juu akawa ananifutia kioo kwa mkono mmoja, kila akifuta kinafunga tena, hivo hivo mpaka Kitogani. Roho iliniuma sana siku ile.

Kesho yake kwa fundi. Hakushika hata mita ya kupimia umeme, kasema mota imekufa tafuta nyengine. Nkanunua ya mtumba elfu 60, kaifunga, nafika nyumbani najaribu 1 kimya, 2 kimya, 3 kimya, 4 inanguruma. Vile vile! Fundi wa pili ndo kanambia ni risista, kile kifaa kinachobana umeme wa feni ili spidi ndogo zipatikane, kaweka, siku hio spidi zote nne zikarudi nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Wiki tatu tu, imeungua tena, na safari hii kwa harufu. Ninayo hapa mkononi, kisahani cha plastiki kina springi tatu juu yake, moja imekatika kati na plastiki ya pembeni imegeuka rangi ya kahawa. Nani imemkuta hii, na kitu gani kilikuwa kinaiunguza?

Dereva Wete–Chake

Yakhe mpe pole mama. Yangu ilikuwa ya aina nyengine. Gari ya abiria, feni inawaka ikitaka yenyewe. Ukiingia shimo inazima, ukiingia shimo jengine inawaka, na konda alishajua pa kupiga teke chini ya dashibodi upande wake ikaamka. Ikafika siku teke halisaidii na abiria ndani wanaoga jasho.

Nikaitoa mwenyewe jumapili. Ukishashusha kile kishubaka cha mbele ya abiria ni parafujo tatu tu, mota inakushukia mkononi pamoja na ule mduara wa feni. Nikafungua kile kikopo cha bati, ndani unga mweusi kama masizi ya chungu, vidole vilikaa vyeusi siku mbili. Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye shaba inayozunguka, moja imeisha, imebaki nyembamba kama kucha, springi inaisukuma lakini haifiki vizuri kwenye shaba, ndo maana ukipiga teke inagusa. Kaboni za mota ile nilizitafuta Wete na Chake sikuzipata, nikanunua za drili ya mkono, kubwa kidogo, nikalaza msasa juu ya kigae nikawa nasugua. Unasugua mara tano unajaribisha, unasugua tena unajaribisha, mpaka ikateleza kwenye nyumba yake bila kukwama wala kuchezacheza. Kile kijiwaya chake nikakilehemu. Shaba nikaipitisha msasa laini, na ile mifereji baina ya vipande vya shaba nikaichokoa kwa sindano, maana unga wa kaboni nao unapitisha umeme, ukibaki pale unaunganisha visivyotakiwa kuungana. Khalafu tone la mafuta ya cherehani kila ncha ya shafti. Tone moja tu, ukizidisha yanakwenda kwenye kaboni.

Mwaka wa pili sasa haijazima hata siku moja.

Mwalimu wa Nungwi

Kwangu haikuwa mota wala risista. Gari inalala nje, ng'ambo ya ukuta ni pwani, na upepo wa bahari kila usiku. Siku moja feni kimya spidi zote. Fundi akaja na taa yake ya kupimia, kaigusisha kwenye plagi ya mota na ncha ya pili kwenye bodi, ikawaka. Akasema "umeme unafika, basi mota imekufa." Mie ni mwalimu wa sayansi, lile jibu halikunikaa. Nikamwambia tuipeleke mota moja kwa moja kwenye betri. Tukaipeleka, ikazunguka hatari.

Sasa kama mota nzima na umeme unafika, kimebaki nini? Njia ya kurudi. Tukafuata waya mweusi mpaka kwenye boliti chini ya dashibodi ubavuni, pale imefungwa kwenye bati. Jamani, lile jicho la waya limeota kijani kama shaba ya mlango wa zamani, na chini yake kutu nyekundu. Ukiligusa linadondoka unga. Tukakata, tukafunga jicho jipya, bati tukalisugua mpaka likang'aa, juu tukapaka grisi chumvi isiingie tena. Gharama yake haikufika elfu tano. Mota yangu ilikuwa karibu itupwe na haina kosa.

Tunaokaa pwani tuanze na maboliti ya arthi, yale yanayofunga waya wa kurudi kwenye bati, kabla hatujanunua chochote.

Fundi umeme, Mwanakwerekwe

Mwalimu umesema jambo kubwa naomba niliendeleze. Toyota nyingi hizi za zamani umeme chanya unafika kwenye mota muda wote feni ikiwashwa, unatoka kwenye relei, ile swichi inayowashwa na umeme. Kinachoendeshwa na ile swichi yako ni upande wa kurudi. Kwahio ukipima waya mmoja na bodi hujapima kitu, taa itawaka hata kama risista imekatika, swichi imeungua au arthi imeoza. Weka taa yako baina ya nyaya mbili za plagi yenyewe ya mota, khalafu zungusha swichi 1 mpaka 4. Isipowaka 1 hadi 3 ikawaka 4, ni risista. Ikiwaka zote na mota haitembei, ndo mota sasa. Haiwaki popote, tafuta fyuzi, relei, swichi na arthi.

Kwa nini 4 inabaki? Kwa sababu 4 haipiti kwenye risista, inakwenda moja kwa moja. Spidi ndogo umeme unapita kwenye zile springi, zinaubana, kile kilichobanwa kinageuka joto. Joto lile linapozwa na upepo wa feni yenyewe, ndo maana risista imewekwa ndani ya njia ya upepo na ukiitoa unaona springi zilikuwa zinatizama ndani.

Sasa ndugu wa Makunduchi jibu lako liko hapa. Risista haiungui bure ndani ya wiki tatu. Mota ikiwa nzito, bushi zinazoshika shafti zimekauka, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida na wakati huo huo inazunguka polepole, upepo kidogo. Moto umezidi na kipoza kimepungua, springi itastahmili vipi? Au njia ya upepo imeziba, majani na vumbi kwenye filta na kwenye ule mduara, matokeo ni yale yale. Mie nnaishuku hio mota ya mtumba ulouziwa. Itoe, izungushe kwa kidole. Nzima ukiisukuma inaendelea yenyewe mizunguko kadhaa bila sauti. Ikisimama pale pale ulipoiachia au inakwaruza, hio ndo inayokula risista zako.

Na kwenye risista nyingi kuna fyuzi ndogo ya joto imelehemiwa pembeni ya springi. Ikikatika wengine wanaruka na kipande cha waya, feni inawaka mteja anafurahi. Msifanye hivyo wallahi. Ile imewekwa ikatike kabla plastiki haijashika moto. Na fyuzi kwenye boksi ni vile vile, kama kifuniko kimeandikwa 30 weka 30, ikikatika tena usipandishe, tafuta kinachoikata. Nimeletewa gari plagi imeyeyuka mpaka nyaya zimeshikana, fyuzi nzima haina hata alama, kumbe mtu aliweka ya 60.

Mwisho kabla hujaingiza mkono chini ya dashibodi toa terminali hasi ya betri, na ukiona plagi za njano usizichokoe, hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali.

Mzanzibari wa London

Nawasoma nikiwa huku kwenye baridi. Nyinyi feni ikifa mnafungua vioo, huku mwezi wa Januari asubuhi kioo kina barafu nje na ukungu ndani, na sheria ya Uingereza haikuruhusu uondoe gari kabla hujaona vizuri. Hita ilikuwa nzima, maji ya moto yanafika kwenye ile rejeta ndogo ya hita, ukigusa mipira yake ya maji ina moto, lakini bila feni joto linabaki kule kule. Nlikuwa nakaa robo saa nakwangua kwa kadi.

Yangu ilikuwa ya AC otomatiki, nazisemea hizi kwa sababu na huko zipo. Hazina risista ya springi, zina kitransista chenye mapezi ya aluminiamu kinachopandisha na kushusha spidi taratibu. Kabla ya kufa kabisa ilinifanyia kituko, feni inakwenda mbio zote hata nikibonyeza kuzima haizimi. Nikabadilisha ile transista, imekaa pembeni ya mota tu, parafujo mbili. Plagi nayo ilikuwa imeungua tundu moja nikabadilisha pamoja, usifunge kifaa kipya kwenye plagi iliyoungua, mgusano mbovu unazalisha joto upya.

Bibi Shamba, Chwaka

Mie nnaegesha chini ya mwembe. Feni ikaanza trrrrr kama karata kwenye spoku za baskeli. Mwanangu kaitoa, ndani ya mduara majani makavu, maua ya muembe na kiota kizima cha panya cha sufi. Vinaingia kwenye yale matundu chini ya vaipa. Tumekata wavu wa dirisha tukauweka pale juu, kelele kwisha.

Kijana wa Mkoani

Naongeza moja. Mnaijua barabara ya Chake Mkoani vilima vyake. Nimebeba mizigo ya boti, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikazima AC, nikafungua vioo, hita nikaiweka mwisho na feni 4. Ndani tulioka, lakini mshale ulishuka nikafika juu pa kuegesha. Ile rejeta ndogo ya hita inachukua joto la injini likitupwa ndani, na bila feni isingesaidia kitu. Tangu siku hio hita siiti kitu cha Ulaya.

Mkaazi wa Makunduchi

Jamani narudi na majibu. Fundi wa Mwanakwerekwe Allah akulipe. Nimeitoa ile mota ya mtumba, nimeizungusha kwa kidole, imegeuka nusu duara ikasimama na inatoa sauti kama mlango wa banda. Mota yangu ya mwanzo bahati sikuitupa, ilikuwa kwenye ndoo uani, nikaizungusha, ikazunguka mpaka nikaisubiri. Yaani mbovu nilinunua mie mwenyewe kwa elfu 60.

Nikaifungua kama alivosema ndugu wa Wete, kaboni bado ndefu, nikaisafisha na tone la mafuta. Chini ya filta nimetoa majani kiasi cha kujaza kawa. Risista ya tatu nimeifunga na plagi mpya. Ina wiki ya sita leo, namba 1 inapuliza taratibu huwezi kuisikia. Juzi mvua ilipiga kuanzia Tunguu mpaka nyumbani, mama kakaa mbele, kanga yake iko begani, na kioo hakina ukungu.

Ile mota nyengine nimemwekea muuzaji, nataka kumrejeshea nimzungushie kwa kidole mbele yake.