Mikono katika Macbeth: ni hatia tu?

Mwanatanga: Habari zenu wanajamvi. Nasoma tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare mara ya tatu, na kila nikifika Tendo la Pili naona mikono tu. Macbeth ametoka kumuua Mfalme Duncan, anaitazama mikono yake na kuuliza kama bahari yote itaweza kuisafisha. Mkewe anamjibu maji kidogo yanatosha. Shuleni tulifundishwa kwamba mikono ni hatia, basi. Mimi hainitoshi. Mnaonaje?

Bi Mkubwa: Mwanangu, nenda Tendo la Tano, onyesho la kwanza. Yuleyule wa maji kidogo sasa anatembea usingizini, anafikicha mikono hata robo saa, anasema manukato yote ya Arabuni hayatauondoa uvundo. Mimi nimekulia nyumba ya kufukiza udi. Najua marashi ya huko yanavyoganda kiganjani mpaka kesho yake. Kwenye mstari huo nililia. Damu haionekani tena, lakini pua yake inaisikia.

Msomaji77: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi naona utengano. Tendo la Kwanza Macbeth anataka jicho lisitazame kinachotendwa na mkono, kana kwamba mkono si wake. Baadaye Angus, mmoja wa makabaila wa Scotland, anasema mauaji ya siri yamemganda Macbeth mikononi. Mkono umemrudia.

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Hilo la jicho na mkono sikuwa nimeliunganisha.

Mwanatanga: Ahsanteni sana. Naanza upya Tendo la Kwanza usiku huu.