Kutoka Wete kwenda kuuona Kilimanjaro mwezi wa saba, na mtoto mwenye seli mundu: naomba ushauri

MwalimuWaWete

Assalaam alaykum wenzangu.

Mie ni mwalimu wa Jiografia hapa Wete. Mwaka wa 19 huu nasomesha Kilimanjaro. Nachora ubaoni vilele vyake vitatu, Shira, Kibo na Mawenzi, natia chaki nyeupe juu ya Kibo, naandika mita 5,895, kengele inalia, natoka. Mlima wenyewe sijapata kuuona. Pemba yetu ni vilima na mabonde kila unapogeuka, lakini kilima chetu kirefu kuliko vyote hakifiki mita 150.

Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la sita alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, ile barafu ina harufu?" Sikuwa na jibu. Na nilikuwa ndiyo kwanza nimewasimulia kwamba mwaka 1848, alipoiona Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, theluji ile, aliyeuongoza msafara wake kutoka pwani alikuwa Bwana Kheri, Mswahili mwenzetu, na mabwana wa Ulaya wakakataa kuamini kuwa theluji inakaa karibu na ikweta. Nilirudi nyumbani nikiwaza: Bwana Kheri alikwenda kwa miguu. Mie nina boti, ndege na basi, nangoja nini?

Basi nikaingia upatu na walimu wenzangu, zamu yangu ni mwezi wa sita. Nia yangu, Mungu akipenda, ni likizo ya kipupwe, mwezi wa saba. Sitaki kilele. Nataka kuingia ndani ya hifadhi, nitembee msituni mpaka kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, niuone mlima, nirudi. Tutakuwa wanne: mie, baba watoto, binti yetu wa miaka 14 na mdogo wake wa miaka 9.

Huyu mdogo ndiye anayeninyima usingizi. Ana seli mundu. Mwaka huu hajalazwa hata mara moja, alhamdulillah, na yeye ndiye mwenye hamu kuliko sote. Kwenye madaftari yake kila ukurasa una mlima.

Naomba mnisaidie. Je, mwezi wa saba ni wakati mzuri? Mtoto huyu naweza kumpandisha? Njia gani nyepesi ukitokea Pemba, maana kusi likivuma mkondo wa Nungwi sote tunaujua. Na sisi wanawake tunavaa nini huko?

MkondeMoshi

Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Mie mzaliwa wa Konde, mwaka wa 11 sasa nipo Moshi. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, siku hizi naongoza.

Mwezi wa saba nikueleze ukweli ambao wengi hawauelezi. Watu wanasema ni kiangazi, mlima uko wazi. Huko juu, kituo cha pili cha Horombo kwenda mbele, ni kweli, jua linawaka. Lakini huku chini, Moshi na Marangu, mwezi wa sita mpaka wa nane wingu linalala juu ya msitu mchana kutwa, na manyunyu yapo. Mlima unatoka alfajiri na pengine jioni kidogo karibu na magharibi, halafu unajifunika. Nimeona watu wametoka mbali, wamekaa siku moja, wameondoka hawajauona, na walikuwa chini yake kabisa. Kwa hiyo usije kwa siku moja. Tenga siku nne Marangu, na kila siku uwe nje kabla jua halijatoka. Mwenye nafasi Januari au Februari anauona vizuri zaidi, ila wewe una skuli.

Safari yenyewe: lango la Marangu liko kiasi ya mita 1,860, kituo cha Mandara mita 2,720. Ni kilomita kama 8, msitu mtupu, njia imetengenezwa vizuri. Kwa mwendo wa binti wa miaka 14 weka saa nne kupanda, kushuka ni nusu ya hapo na kidogo. Msituni kuna mbega wale weusi wenye joho jeupe na mkia mweupe, na kima. Ukifika Mandara usikae, endelea robo saa mpaka kreta ya Maundi. Pale ndipo wingu likiachia unaona Kibo na Mawenzi, na upande wa pili Kenya.

Baridi isikutie khofu, ila iheshimu. Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6. Ukitoa Wete nyuzi 27, Mandara mchana unakuta kama 10, na ukungu unakulowesha. Masweta usinunue mapya. Moshi kuna soko la mitumba la Memorial, utapata masweta, makoti ya mvua na viatu vya kutembelea kwa bei ya kawaida kabisa.

Vitambulisho vyenu msisahau hata kimoja, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mtanzania analipa kiingilio kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko mgeni wa nje, lakini lazima uonyeshe. Langoni hapapokewi fedha taslimu, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au benki. Na hairuhusiwi kupanda bila ya muongozaji mwenye leseni, hata kwa safari ya kutwa.

Ukija kwa basi usiende mpaka Moshi. Shuka Himo, njia panda, hapo kuna gari za Marangu Mtoni. Kaa upande wa kulia wa basi: Usambara inakufuata kutoka Korogwe, halafu milima ya Upare mpaka karibu ya kufika. Mwalimu wa Jiografia hapo hutasinzia.

Na mwambie yule mwanafunzi wako: barafu yenyewe haina harufu. Mie nimeshika kipande kilichoanguka, nikakivunja, nikakinusa. Kilichonuka ni mawe na vumbi, kwa sababu vumbi la mlima limeganda ndani yake tabaka kwa tabaka.

La mtoto sisemi. Hilo si la muongozaji.

NesiMstaafu

Mwanangu mwalimu, mie nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, kwa hivyo hapa nitasema wazi hata kama hutapenda. Huyu mdogo usimpandishe Mandara.

Ukipanda juu oksijeni katika hewa inapungua. Kwa mtu mzima wa kawaida, kichwa kuuma na kichefuchefu cha mlima huanza kiasi ya mita 2,500, na dawa yake ya uhakika ni kushuka. Kwa mtoto wa seli mundu habari ni nyingine kabisa. Chembe zake nyekundu zikikosa oksijeni zinajikunja kama mundu, zinagandana, zinaziba mishipa. Ndiyo yale maumivu ya mifupa na kifua unayoyajua. Ongeza baridi, ongeza kuchoka, ongeza mtoto aliyesahau kunywa maji kwa furaha. Vyote hivyo ni vichocheo, na mlimani vinakutana siku moja. Hata mwenye kubeba asili ya ugonjwa huu tu, asiyeumwa, huonywa kuhusu milima mirefu. Kwa hiyo binti yako naye, kama hajapimwa, mpime kabla.

Hili halina maana abaki nyumbani. Muulize daktari wa kliniki yake, umtajie na mita: Marangu Mtoni haifiki mita 1,500, lango ni 1,860, Mandara 2,720. Daktari akisikia tarakimu atakujibu kwa uhakika zaidi kuliko ukimwambia "tunakwenda Kilimanjaro". Muulize pia kuhusu safari, maana boti ya mwezi wa saba ikimtapisha saa mbili tatu, anafika kishakaukiwa na maji, na hapo ndipo shida inapoanza. Chukua dawa zake zote na zaidi, kadi yake ya kliniki, chupa ya maji shingoni, soksi nzito, na ujue kabla ya kufika hospitali iliyo karibu ni ipi. Akioga, maji moto. Mto wa mlimani asiuguse.

KijanaWaRahaLeo

Dada mwalimu, kama shida ni urefu, kwa nini msiende hifadhi ya milima ya Udzungwa, huko Morogoro? Mie nilikwenda mwaka jana mwezi wa nane. Boti mpaka Dar, treni ya mwendokasi mpaka Morogoro, halafu basi la Ifakara, unashuka Mang'ula. Njiani barabara inakatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi, nimeona tembo na twiga nimekaa kwenye kiti cha basi.

Udzungwa haina barabara ndani, ni miguu tu. Maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170, yanakwenda kwa ngazi tatu. Na kuna mbega wekundu, ukiwaona utasema ni kima punju wetu wa Jozani, ni jamaa zao hasa. Lango liko chini, joto lake kama la Unguja. Kwa mtoto wako naona ndiyo pahala.

MamaNasri

Kwa mavazi nakujibu mie, nilifika Mandara na binti yangu. Buibui liache ulipolala, litalowa tope mpaka magotini. Suruali nzito, juu yake gauni linalofika chini ya goti, mtandio wa kuvuta kichwani usiotaka pini, na kofia ya sufu juu yake. Tia udhu mapema, maji ya huko yanauma vidole. Sisi tulikuwa wasafiri, tukajumuisha Adhuhuri na Alasiri tuliposhuka. Chakula nilibeba mwenyewe: mayai ya kuchemsha, chapati, tende na tangawizi kwenye chupa ya chai. Watu wa Marangu ni wakarimu, ukiuliza nyama kachinja nani wanakujibu bila ya kununa.

MwalimuWaWete

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mama nesi, nilikaa na maneno yako siku mbili. Nilikuwa nalijua jibu, nilitaka mtu mwingine aliseme.

Daktari wake kasema hivi: Marangu Mtoni sawa, kwa masharti; langoni hapana, Mandara hapana kabisa. Ndege ndogo ya Chake kwenda Tanga kairuhusu, haifiki nusu saa na hairuki juu sana. Binti amepimwa, ni mzima.

Kijana wa Raha Leo, Udzungwa nimeiandika kwenye daftari ya mwakani na mtoto nimemwahidi. Mwaka huu yeye mwenyewe anataka "ule wa chaki". Tumekubaliana baba yake atabaki naye chini, mie na dada yake tutapanda siku moja.

MwalimuWaWete

Tumerudi Jumamosi. Naandika hapa kwa ajili ya atakayekuja kuuliza kama nilivyouliza mie.

Tulilala Tanga usiku mmoja ili mtoto apumzike, asubuhi tukapanda basi mpaka Himo. Upande wa kulia, kama alivyosema kaka Mkonde. Kuanzia Mombo sikuongea na mtu.

Siku mbili za mwanzo Marangu wingu tupu. Unaambiwa mlima uko pale, unaona migomba, kahawa na weupe wa ukungu. Tulimpeleka mdogo kwenye maporomoko ya Kinukamori, akakaa mbali na maji kavaa jaketi mbili, akaridhika. Mie sikuridhika, nilikuwa nahesabu siku.

Siku ya tatu baba yao alitoka uwani kutia udhu wa alfajiri. Akarudi ndani mbio, hakuniita mie, alimbeba mtoto na blanketi lake. Nilipotoka nikawakuta wamesimama wanatazama juu, juu kuliko pale nilipokuwa nikitazama siku zote mbili. Mie nilikuwa nautafuta mlima kwenye usawa wa miti. Ulikuwa juu ya mawingu. Kibo kizima, kweupe kama nazi mpya, kisha jua likakigusa ubavuni kikageuka rangi ya embe dodo lililoiva. Dakika kama 20, halafu ukungu ukapanda ukakichukua.

Mtoto hakusema kitu mpaka ulipofunga. Ndipo akaniuliza, "Mama, mbona nyeupe yake ni kidogo kuliko ya ubaoni kwako?"

Nikamweleza kwamba ile ninayochora nilifundishwa na mwalimu wangu, naye alifundishwa na wake, na toka mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha. Akauliza itabaki mpaka atakapokuwa mkubwa. Nikamwambia ataona kidogo kuliko aliyoiona leo. Jibu lile lilinikaa kifuani siku nzima.

Kesho yake mie na binti tulipanda. Mwendo wa saa nne na robo mpaka Mandara, na ile robo ni mie. Mbega tuliwaona kundi la saba hivi, wanaruka mti hadi mti na ule weupe unafunguka kama shuka. Miti imevaa kuvumwani mpaka kwenye vitawi, matone yanadondoka bila ya mvua. Maundi tulikuta ukungu, ukaachia kidogo upande wa Mawenzi, tukaiona ile miamba yake iliyochongoka, ukafunga tena. Binti alitetemeka midomo lakini kichwa hakikumuuma. Tulipofika chini saa kumi na moja jioni, mdogo alikuwa amekaa barazani na daftari, kachora mlima upya, juu kaacha michirizi mitatu tu ya nyeupe.

Mchoro ule nimeuomba, skuli zikifunguliwa ndio nitakaousomeshea.

Ya mwisho: masweta manne, makoti ya mvua mawili na kofia za sufu za Memorial zipo kwangu Wete, nimeshazifua. Hapa hazina kazi. Anayekwenda mwezi wa kumi na mbili aniandikie, nitampa, akirudi amwachie mwengine.