Wajuzi wa pikipiki: CG125 ya zamani haiwaki asubuhi mpaka isukumwe. Ni ringi kweli?

Ticha wa Baridi
Habari za jioni wakuu. Nina Honda CG125, ile ya kiki tupu, niliachiwa na mjomba. Ni ya miaka ya 80. Mchana haina neno, ikishapata moto naigusa kiki kidogo tu inaitika. Kasheshe ni alfajiri. Njombe mwezi huu wa saba mnaijua, kuna siku nyasi zinaamka nyeupe. Nafungua koki, navuta choki, napiga kiki mpaka shati linalowa jasho, haikohoi hata kidogo. Mwisho naomba wanafunzi wanaopita waisukume kwenye mteremko, ndipo inawaka, inazima, inawaka tena, halafu inatulia. Plagi mpya, oili mpya. Fundi wangu anasema ringi (zile pete za pistoni) zimekwisha, kompresheni hakuna, yaani injini haibani hewa, ni kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa. Ni kweli? Nawasilisha.

Kiki Moja
Pole ticha. Uza hilo sanamu, nunua Boxer. Maisha yenyewe mafupi.

Mzee wa Kontakti
Vijana mna haraka ya kuuza. Honda waliitoa CG mwaka 1976 na mpaka leo Wachina wanaiga injini ile ile, mnadhani ni bure? Haina cheni ya taimingi ya kukatika, valvu zinasukumwa na vijiti. Nilipokuwa bwana shamba Mufindi niliendesha moja, nyuma kreti ya chanjo ya kuku, mbele mvua. Kuna siku nililala kwa mama mmoja njiani kwa sababu ya utelezi, asubuhi nikakuta amenifungia jogoo kwenye keria kama zawadi. Nikafika ofisini na jogoo. Bosi akanipa karipio.

Kiki Moja
Mzee, na pikipiki iliwaka hiyo asubuhi au aliwika jogoo tu?

Spana Kumi
Ticha, ukishapiga kiki hadi ukachoka, toa plagi hapo hapo. Imelowa au ni kavu?

Ticha wa Baridi
Kavu. Harufu ya petroli kwa mbali.

Mnyalu Mtulivu
Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa nyepesi, ndiyo shida yenu. Hakuna ugonjwa hapo.

Spana Kumi
Mkuu, ni kinyume. Hewa ikiwa nyepesi, mafuta ndiyo yanazidi, plagi ingelowa. Hii ni kavu, maana yake petroli haifiki vya kutosha injini ikiwa baridi. Na ringi zikiisha kweli utaona moshi wa bluu na oili inapungua. Inapungua?

Ticha wa Baridi
Hapana, oili haipungui. Lakini fundi alisukuma kiki kwa mkono akasema ni laini.

Spana Kumi
Kiki laini inaweza kuwa hata valvu iliyobana. Pima tapeti, ile nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, milimita 0.08 zote mbili. Halafu jibu hili usikwepe: nani aligusa kabureta mara ya mwisho?

Ticha wa Baridi
Kabureta haina shida mkuu, ilisafishwa. Swali langu lilikuwa ringi.

Spana Kumi
Ilisafishwa lini, na nani?

Ticha wa Baridi
Haya. Mwezi wa tatu ilibadilishwa. Tuliweka ya pikipiki ya Kichina, ya zamani ilikuwa inavuja. Aprili yote na Mei ilikuwa inawaka fresh, ndiyo maana sikuona sababu ya kuitaja. Na fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Nimeshampa nusu ya hela ya kuchonga, keshokutwa anafungua injini. Sikukurupuka, injini ya umri huu lazima ichongwe siku moja. Anajua kazi, hata kibati cha choki aliona skrubu zake zinalegea akakitoa kisije kumezwa na injini.

Mama Mchungaji Mtarajiwa
Hela na shemeji haviwekwi mfuko mmoja. Mdogo wangu alijengewa choo na shemeji yake, mpaka leo hawasalimiani, na choo hakina mlango. Ongea na mkeo kwanza, pikipiki baadaye.

Inspekta wa Chai
Samahani, naomba nisome taratibu. Juu kabisa: "navuta choki". Hapa: choki ilitolewa mwezi wa tatu. Unavuta nini sasa ticha, sikio? Mara wanafunzi wanasukuma, mara shemeji. Hii chai, na sukari imezidi.

Kiki Moja
Nimeleta vitumbua. Nani ana maziwa?

Mnyalu Mtulivu
Na mimi nilihisi. Plagi kavu, oili haipungui, anajibu kama mtihani wa VETA.

Ticha wa Baridi
Sina muda wa kutunga, nina madaftari ya darasa zima hapa. Mkono wa choki upo pale pale, unapanda na kushuka. Aliniambia ametoa "kibati", sikujua kibati ndiyo choki yenyewe. Nimetoka sasa hivi na tochi ya simu, nimevua bomba la hewa. Kuna kijiti kimepita katikati ya mdomo wa kabureta, kina matundu mawili ya skrubu, matupu. Nikivuta mkono kijiti kinazunguka peke yake.

Spana Kumi
Basi umejipima mwenyewe. Petroli ya baridi haigeuki mvuke vizuri, inanata kwenye kuta za njia ya hewa. Kibati kinaziba hewa ili injini inyonye mafuta mengi. Bila kibati, huo mkono ni pambo. Aprili joto lilikusaidia. Kwenye mteremko injini inazunguka mfululizo, ndiyo maana inashika. Kesho alfajiri acha bomba wazi, ziba robo tatu ya mdomo kwa kiganja, piga kiki. Kitambaa usitumie, kitanyonywa. Uso uwe mbali, inaweza kutema moto.

Mzee wa Kontakti
Hiyo tulikuwa tunafanya kwa kofia.

Ticha wa Baridi
Wakuu, imewaka. Kiki ya pili. Kiganja kinanuka petroli, darasa la nne wote wameziba pua.
Ila sasa nina mtihani. Shemeji ameshanunua pistoni, na mke wangu anajua. Nafikiri achonge tu, tumalize yote kwa mpigo.

Mama Mchungaji Mtarajiwa
Yaani umepona halafu unajipeleka theatre?

Spana Kumi
Silinda ikichongwa hairudi. Kabla ya hapo mwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, piga kiki. Ikiwa nzito ghafla, ringi zimechoka kweli na nitanyamaza. Isipobadilika, angalia valvu. Na kibati usitafute dukani, kipo kwenye kabureta yako ya zamani, kikiingia kwenye hii fresh, kisipoingia rudisha ile nzima, ubadilishe tu sindano ya boya inayovujisha. Iko wapi?

Ticha wa Baridi
Aliondoka nayo.

Inspekta wa Chai
Nafuta kauli. Hii haitungiki.

Kiki Moja
Kabureta ya Kijapani iko Makambako sokoni saa hizi inapigiwa bei.

Ticha wa Baridi
Tusimhukumu mtu. Nimempigia, anasema yuko shambani, mtandao mbaya. Ya kuchonga nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi.

Mpanda Kilima
Samahani wakuu kudandia uzi. Yangu asubuhi inawaka vizuri sana, ikipata moto ndiyo inazima na hairudi mpaka ipoe. Fundi anasema ni koili. Nimeshamlipa.

Spana Kumi
Na wewe ni shemeji yako?