Mashindano ya kutunisha misuli mikoani: tusubiri vipimo vya dawa, au tuanze na daktari nyuma ya jukwaa?

MLETA MADA

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, hasa ninyi mnaoshinda jimu na ninyi mnaoandaa mashindano ya mikoani.

Mwaka jana nilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, mashindano ya ridhaa ya kanda, kundi la uzito usiozidi kilo 75. Nilijiandaa miezi mitano. Ute mweupe wa mayai 12 kwa siku, dagaa, viazi vitamu vya kuchemsha, mazoezi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kazini. Sikupata nafasi, na sina kinyongo, walionishinda walikuwa wamekatika, yaani misuli yao inaonekana wazi, kuliko mimi. Kinachonikosesha raha mpaka leo ni nilichokiona kwenye chumba cha kubadilishia nguo, robo saa kabla kundi letu halijaitwa.

Kijana mmoja tuliyepanda naye mizani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwili wote mafuta, anavuta mpira wa mazoezi ili mikono ijae damu. Mara paja lake la kulia likajikunja lenyewe. Ulikuwa unaona kabisa nyuzi za msuli zinacheza chini ya ngozi. Likafuata la kushoto, likafuata tumbo. Akaanguka ubavu, meno yameumana, hawezi kutoa neno. Mmoja wetu akawa anamnyoosha mguu, mwingine akakimbilia maji. Hapo kocha wake akapaza sauti: "Msimpe maji, mtamharibia!" Kumbe kijana hajanywa maji tangu juzi yake usiku, na asubuhi ile alimeza vidonge viwili vya furosemidi, ile dawa ya kukojoa wanayopewa wagonjwa wa moyo na wa kuvimba miguu, ili ngozi ishikane na msuli.

Ukumbi ule ulikuwa na majaji, mshereheshaji, maspika makubwa na walinzi mlangoni. Daktari hapana. Muuguzi hapana. Hata mashine ya presha haikuwepo. Tulimpakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Ndani mshereheshaji aliita namba yake mara tatu, kisha akaita inayofuata.

Sasa hoja yangu. Kila suala la dawa likizuka kwenye mchezo huu, watu husema "wapimwe". Mimi nasema, kwa ngazi ya mkoa, wimbo huo unatuchelewesha. Sampuli ya mkojo ikichukuliwa inavyotakiwa inagawanywa kwenye chupa mbili, A na B, zinafungwa kwa lakiri, zinasafirishwa hadi maabara inayotambuliwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, mfano ile ya Bloemfontein kule Afrika Kusini. Sampuli moja ni mamia ya dola, na majibu hayaji siku hiyo. Mashindano ambayo zawadi ya mshindi ni kikombe na mfuko wa unga wa protini yatatoa wapi fedha hizo? Kwa hiyo hatupimi, na kwa kuwa hatupimi tunaona hatuna la kufanya. Huo mwanya ndio unaotuletea maafa.

Napendekeza afisa michezo asitoe kibali bila kuona jina la daktari atakayekuwepo ukumbini. Presha na mapigo ya moyo vipimwe wakati wa kupima uzito, vipimwe tena kabla ya kupanda. Daktari awe na mamlaka ya kumtoa mtu na asibishiwe na kocha wala mwandaaji. Na maji yawepo chumbani, hadharani, anayetaka anywe.

Steroidi, zile dawa za kukuza misuli, zinamla mtu taratibu, ini, moyo, uzazi. Kukausha maji kunaweza kumuua mtu siku hiyo hiyo. Mohamed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alishinda mashindano Uholanzi mwezi Oktoba 1992 na akafariki saa chache baadaye, ana miaka 33. Andreas Münzer wa Austria, ambaye kwake steroidi na dawa za kukojoa vyote vilihusishwa, alifariki Machi 1996, miaka 31, haijafika hata wiki mbili tangu ashindane kule Marekani. Hao walikuwa wa kulipwa, wenye makocha wa kimataifa. Sisi wa kikombe na unga wa protini tuna ulinzi gani?

KUTOKA MOROGORO

Mleta mada, pole kwa uliyoyaona. Ila sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini.

Nafundisha vijana kwenye jimu ya mtaani, vyuma vingine tumechomelea wenyewe. Ukiweka daktari nyuma ya jukwaa huku hupimi dawa, ujumbe wanaoupata vijana wangu ni huu: mezeni tu, yupo wa kuwaamsha. Umehalalisha. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kijana wa kilo 68, umbo lililolingana kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha, mabega mapana, kiuno chembamba, mashavu ya miguu ya kuzaliwa nayo. Hajawahi kuguswa na sindano. Alishindana mara mbili, mara zote mbili akashindwa na watu ambao miezi minne nyuma walikuwa wembamba kumzidi. Aliniuliza swali moja tu: "Kocha, mimi nakosea wapi?" Nilishindwa kumjibu. Sasa hivi haonekani jimu, anabeba magunia sokoni.

Huyo hakuanguka chumbani na hakupelekwa hospitali. Daktari wako angempima presha akaikuta safi kabisa. Lakini mchezo umempoteza, na umewapoteza wengi wa aina yake.

Mimi nataka kundi la watu wa asili, wasiotumia dawa, liwe peke yake, na kila anayeingia atie saini kwamba akiitwa kupimwa wakati wowote atakubali. Hata mkipima mtu mmoja tu kwa mwaka, mshindi wa kwanza wa kundi hilo, hofu itafanya kazi. Fedha ya sampuli moja haiwezi kukosekana kwa mwaka mzima. Mkitaka ipatikane mtaipata, mbona ya maspika inapatikana?

MFAMASIA, DAR ES SALAAM

Naomba niongezee upande wa dawa yenyewe, maana naona wengi wanaichukulia furosemidi kama kitu chepesi kwa sababu ni kidonge kidogo na ni cha bei rahisi.

Dawa hii haitoi maji peke yake. Inayatoa pamoja na chumvi za mwili, sodiamu na potasiamu. Potasiamu ndiyo inayosaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Ikishuka sana, moyo unaweza kuvurugika ghafla bila dalili ya maana kabla. Misuli kukaza kama ilivyomtokea yule kijana ni kengele. Mgonjwa tunayempa dawa hii hospitali anafuatiliwa, anapimwa damu. Kijana wa jimu hajanywa maji siku mbili, hajala chumvi wiki nzima, kisha anameza miligramu 80 juu ya ukavu huo.

Niseme pia kwamba dawa za kukojoa zimo kwenye orodha ya WADA, zimekatazwa wakati wote, ndani na nje ya mashindano, kwa kuwa zinaweza pia kuficha dawa nyingine kwenye mkojo. Kwa hiyo ndugu wa Morogoro, kundi lako la asili lijumuishe na hizi. Wapo wanaojiita wa asili kwa sababu hawachomi sindano, lakini vidonge wanameza.

Na sisi wenye maduka ya dawa tusijitoe. Hii ni dawa ya cheti. Mwezi wa mashindano wanakuja vijana wenye afya tele, vifua kama milango, wanaiulizia kwa jina bila karatasi yoyote. Mimi huwarudisha. Najua akitoka kwangu anavuka barabara.

KUTOKA MOMBASA

Mimi ni mwanamke, nashindana huku Kenya. Ndugu zangu, mnazungumza kana kwamba chumba cha nyuma ni cha wanaume tu.

Kocha wa kwanza niliyekuwa naye aliniletea vidonge akaniambia ni vitamini vya kukausha mafuta. Nilitumia wiki tatu. Sauti yangu ikaanza kuwa nzito, nikadhani ni mafua. Dadangu ni muuguzi, ndiye aliyesoma jina kwenye kopo akanilazimisha niache. Sauti haikurudi yote. Mwanamume akiacha steroidi mengi hurejea, lakini mwanamke sauti ikishashuka mara nyingi huwa imeshuka. Hadi leo nikipiga simu mahali naitwa "kaka".

Kenya tuna sheria ya kupambana na dawa hizi tangu 2016 na tuna wakala wake wa serikali. Sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini mimi nimeshindana mara nne, mikononi mwangu haijawahi kushikishwa chupa ya sampuli. Nguvu zote ziko kwa wakimbiaji, na naelewa sababu. Kwa hiyo mleta mada nakuunga mkono: tuanze na kile kinachowezekana Jumamosi ijayo.

Ila niwaombe jambo moja. Hicho kipimo cha presha kisifanyike kwenye chumba kile kile tunamobadilishia sote. Nimewahi kupakwa mafuta nyuma ya shuka lililoshikwa na wasichana wawili huku wanaume wanapita. Sisi tayari tunasemwa vya kutosha kwa kuvaa bikini mbele ya watu, na wengi wetu nyumbani hatujaaga. Awepo muuguzi wa kike, na chumba chenye mlango.

KUTOKA ARUSHA

Kila mtu mzima ana mwili wake. Bodaboda wanakufa kila siku, mbona hatuwawekei daktari kila kijiwe? Mkizidisha masharti, mashindano ya mikoani yatakufa yabaki ya Dar peke yake.

MWANDAAJI

Nimesoma yote. Nimeandaa mashindano mara sita, na sitajificha: mara nne kati ya hizo sikuwa na daktari.

Watu hawajui hesabu zetu. Ukumbi, umeme, jukwaa, taa, majaji na nauli zao na malazi, vikombe. Viingilio vya washindani havifiki hata nusu ya ukumbi. Wadhamini wanaahidi, wiki ya mwisho simu haipokelewi. Daktari anakuwa kitu cha mwisho kwenye karatasi, na cha mwisho ndicho kinachofutwa. Sisemi ni sawa, nasema ndivyo inavyokuwa.

Swali langu kwa mleta mada ni hili: daktari akimtoa mtu aliyelipa kiingilio, aliyesafiri kutoka mkoa mwingine na mashabiki wake wamejaa basi dogo, nani atakayesimama mbele ya hao mashabiki? Daktari ataondoka na mkoba wake. Mimi ndiye nitakayebaki ukumbini.

MLETA MADA

Nawashukuru wote. Nianze na wewe mwandaaji, kwa kuwa umesema ukweli. Kwenye ngumi mambo haya yamekwishazoeleka. Daktari hayupo, kengele haigongwi, na daktari akisema bondia hapandi, hapandi, hata kama ukumbi umejaa. Mashabiki wa ngumi si wapole kuliko wa kwetu. Wamezoea tu kwamba ndivyo ulivyo mchezo. Weka sharti hilo kwenye fomu ya kujiandikisha, mtu atie saini kabla hajapanda basi. Na kwenye karatasi yako ya bajeti, mwandike daktari mstari wa kwanza, juu ya taa.

Ndugu wa Arusha, bodaboda hapandi pikipiki ili majaji wampe alama. Sisi tumewaalika vijana hawa, tumewauzia watu tiketi waje kuwatazama, kisha tunasema miili ni yao? Aliyemwalika mgeni ndiye anayejua mlango wa kutokea uko wapi.

Kocha wa Morogoro, habari ya kijana wako imenikaa. Sina jibu la kumridhisha, na nakubali kwamba daktari hatarudisha haki yake. Kundi la asili na sampuli moja ya mshindi ni pendekezo zuri kuliko nililokuwa nalo kichwani, nalichukua. Ila usinifanye nichague. Wako aliondoka akiwa mzima, ana nafasi ya kurudi. Yule wa kwenye ndoo alikuwa karibu asirudi kabisa.

Kuna jambo nataka vijana wanaosoma hapa walisikie, maana makocha wengi hawalisemi. Msuli wenyewe ni maji, kiasi cha robo tatu. Ule wali na viazi mnavyokula siku ya mwisho ili misuli ijae, sukari yake ikihifadhiwa kwenye msuli inavuta maji, gramu moja kwa takriban gramu tatu. Ukinyima mwili maji umeunyima msuli. Ndiyo maana mnaona mtu Alhamisi kwenye kioo cha jimu amejaa, Jumamosi jukwaani amenywea, mkato hauonekani na pozi la mgongo halifunguki. Kinachoficha mkato kwa wengi wetu ni mafuta ambayo hayajaisha, na hayo yanaondoka kwa wiki za chakula na mazoezi, hayaondoki kwa kukojoa usiku mmoja. Mimi nilikunywa maji hadi asubuhi ya mashindano. Nilishindwa kwa sababu miguu yangu ni myembamba.

Dada wa Mombasa, pole sana, na asante kwa kuandika. Suala la chumba sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Mashindano ya kanda yetu yako wiki saba mbele na nimekwisha jiandikisha, kilo 75 tena. Nimezungumza na muuguzi mmoja wa kituo cha afya jirani, ni mwanamke, amekubali kuja kwa nauli na chakula. Mashine ya presha nimenunua mwenyewe. Mwandaaji wetu sijamwambia bado, namfuata Jumatatu na hii mada nimeichapisha kwenye karatasi. Kama kuna daktari wa Kanda ya Ziwa anasoma hapa na Jumamosi hiyo ana nafasi, aniandikie.

KUTOKA MOROGORO

Mimi nitakuja na kijana wangu. Sijamwambia, ila nitamfuata sokoni.